Kombe la Vijana la Afrika na Nchi za Kaskazini mwa Tanganyika

Kombe la Mataifa ya Afrika kwa vijana wa chini ya miaka 20 ni mashindano ya timu za taifa za wanaume yanayoandaliwa na Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili. Uvira, Bukavu na Bujumbura, ambako mambo ya mashirikisho huandikwa kwa Kifaransa, watu huyaita tu CAN ya juniors. Bingwa huondoka na kombe, lakini tangu mwanzo kilichogombewa zaidi ni tiketi ya kwenda Kombe la Dunia la vijana. Idadi ya tiketi hizo imebadilika, na njia ya kuzipata imebadilika mara nyingi zaidi. Kwa nchi zinazokutana kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, historia yake ina jambo la kushangaza: wakati Afrika nzima ilipewa nafasi mbili tu, moja ilichukuliwa na Burundi iliyokuwa ikiungua kwa vita, lakini nafasi zilipofika nne, Kongo, Burundi na Rwanda hazikupata hata moja.

Mashindano haya yalizaliwa na siasa za mpira wa dunia. Mwaka 1974 João Havelange wa Brazili alishinda urais wa FIFA kwa msaada mkubwa wa kura za Afrika, na miongoni mwa ahadi zake ilikuwa kuanzisha kombe la dunia la vijana. Ahadi hiyo ilitimizwa mwaka 1977 nchini Tunisia, kwa fedha za kampuni ya Coca-Cola na timu 16. Afrika iliwakilishwa na wenyeji Tunisia, Morocco na Côte d'Ivoire. Muungano wa Kisovieti uliitoa Mexico katika fainali kwa mikwaju ya penalti, 9–8, baada ya sare ya 2–2. Kwa hiyo mashindano ya dunia ya FIFA yalichezwa katika ardhi ya Afrika miaka 33 kabla ya Kombe la Dunia la wakubwa kufika Afrika Kusini, jambo ambalo husahaulika kila mara 2010 inapotajwa kuwa mwanzo wa kila kitu.

Baada ya Tunisia, CAF, iliyoongozwa wakati huo na Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia, ilihitaji njia ya kuchagua wawakilishi wake. Ndipo ubingwa wa vijana wa Afrika ulipoanza mwaka 1979. Hapakuwa na nchi mwenyeji. Timu zilikutana mbili mbili, nyumbani na ugenini, hatua kwa hatua hadi fainali, nayo ikachezwa mara mbili vilevile. Wawili waliofika fainali ndio waliokwenda kwenye mashindano ya dunia. Algeria ilikuwa bingwa wa kwanza mbele ya Guinea, na zote mbili zikaenda Japani. Misri ilifuata mwaka 1981. Kisha Nigeria ikashinda mara nne mfululizo: 1983, 1985, 1987 na 1989.

Utaratibu huo ulionekana wa haki kwa kuwa kila nchi ilipata mechi nyumbani. Kwa kweli uliwabeba wenye fedha. Kumsafirisha kijana wa miaka 18 kutoka Afrika ya kati hadi pwani ya magharibi kulimaanisha ndege mbili au tatu, mara nyingi kupitia Ulaya, kwa mechi moja ya dakika 90. Katika miaka hiyo ilikuwa kawaida kwa shirikisho kujiandikisha, kupangiwa mpinzani, kisha kujitoa kabla ya mechi ya kwanza. Wizara iliyokuwa na fedha za safari moja tu kwa mwaka ilizitumia kwa timu ya wakubwa.

Zaire, kama Kongo ilivyoitwa tangu 1971 hadi 1997, ilikuwa mfano mzuri wa tabia hiyo. Nchi hiyo ilikuwa imebeba Kombe la Afrika mwaka 1968 na 1974, na mwaka huohuo wa 1974 ikawa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Huko Ujerumani ilifungwa 2–0 na Scotland, 9–0 na Yugoslavia, 3–0 na Brazili. Rais Mobutu, aliyekuwa amewapokea wachezaji hao, Leopards, kama mashujaa, alipoteza hamu na mpira, na Zaire ikajitoa kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la 1978. Kama wakubwa waliachwa hivyo, vijana wangetazamwa na nani? Mashindano ya vijana ya Afrika yalianza wakati hasa ambapo dola ya Zaire ilikuwa imeacha kulipia mpira.

Kwa kijana wa Uvira tatizo lilikuwa pia la umbali. Kutoka Uvira hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege, bila barabara moja inayounganisha miji hiyo miwili. Ngazi ya kupanda ni ndefu: timu ya mtaa, iwe ya Kalundu, Mulongwe au Songo, halafu entente, yaani ligi ya mji, halafu ligi ya Kivu ya Kusini, LIFSKI, yenye makao Bukavu, halafu shirikisho la taifa, FECOFA. Kocha wa taifa anayechagua vijana huwaona kwanza wa Kinshasa na Lubumbashi, kwa sababu ndio walio mbele ya macho yake na hawahitaji tiketi ya ndege. Bujumbura, kinyume chake, iko ng'ambo ya mto Ruzizi, karibu kilomita 30 kwa barabara ya Kavimvira na Gatumba, na taa zake huonekana usiku kutoka Uvira. Mchezaji wa upande wa Kongo aliyetaka kuonekana alivuka mpaka kabla ya kuwaza habari za Kinshasa.

Mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ulikuwa kituo cha watu hao. Ni mtaa wa Waswahili, wenye familia nyingi za asili ya Kongo na Tanganyika, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya barabarani na mpira umechezwa tangu enzi za Wabelgiji. Shabani Nonda, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1977 katika familia ya Kikongo, alikulia katika mpira wa mji huo, akaenda Yanga ya Dar es Salaam akiwa bado kijana, akapitia Afrika Kusini na Uswisi hadi Ufaransa, ambako alikuwa katika kikosi cha Monaco kilichofika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2004. Timu ya taifa aliyoichezea ni ya Kongo.

Mwaka 1991 CAF ilibadili utaratibu. Timu nane zilizopita kwenye mchujo zilikusanywa katika nchi moja, Misri, kwa mashindano ya wiki mbili, na wenyeji wakawa mabingwa mbele ya Côte d'Ivoire. Mwaka 1993 yalichezwa Mauritius, Ghana ikashinda. Tiketi za dunia zilibaki mbili. Lakini kwa nchi ndogo mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko yalivyoonekana kwenye karatasi. Ukishavuka mchujo, safari ilikuwa moja tu, na baada ya hapo mechi chache ziliamua kila kitu. Timu iliyoshikamana kwa siku kumi na tano iliweza kuipita nchi yenye wachezaji mara kumi zaidi.

Burundi ilikuwa na timu za namna hiyo. Mwanzo wa miaka ya 1990 ndio wakati bora wa mpira wake. Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992, ikafungwa na Africa Sports ya Abidjan. Timu ya wakubwa nusura ifuzu kucheza Kombe la Afrika la 1994. Ilitolewa na Guinea kwa penalti katika mechi ya ziada. Vijana waliokuwa na miaka 16 au 17 wakati huo walikulia ndani ya mafanikio hayo, wakifanya mazoezi kwenye viwanja vilevile na kuwatazama wakubwa hao kila Jumapili.

Kisha nchi ikapasuka. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa miezi michache tu kabla, aliuawa na wanajeshi. Mauaji yakasambaa mikoani, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia. Mrithi wake, Cyprien Ntaryamira, alikufa tarehe 6 Aprili 1994 ndani ya ndege ileile iliyoangushwa Kigali pamoja na Rais Habyarimana wa Rwanda. Kambi za wakimbizi wa Kirundi zilijaa bonde la Ruzizi, upande wa Uvira. Bujumbura iligawanyika mtaa kwa mtaa. Kulikuwa na siku za mji uliokufa, ambapo vijana wenye silaha walifunga barabara na hakuna aliyethubutu kwenda kazini, sembuse mazoezini.

Katika hali hiyo Burundi ilifuzu kucheza ubingwa wa vijana wa Afrika wa 1995, uliofanyika Nigeria. Haikuishia kufuzu: ilifika fainali. Kamerun iliifunga 4–0 na kuchukua kombe lake la kwanza. Matokeo hayo yanaumiza ukiyasoma peke yake, lakini fainali hiyo haikuwa na uzito mkubwa kwa Burundi, maana kufika hapo kulitosha. Tiketi zilikuwa mbili, na Nigeria, wenyeji na mabingwa mara nne, walibaki bila tiketi. Nchi isiyowahi kucheza hata Kombe la Afrika la wakubwa ilikuwa imefuzu kwa mashindano ya dunia.

Mashindano hayo ya dunia nayo yalikuwa na mkasa wake. FIFA ilikuwa imeipa Nigeria uenyeji, kisha ikauondoa kwa hofu za afya na kuupeleka Qatar kwa muda mfupi sana wa maandalizi. Timu 16 zilikutana Doha kuanzia tarehe 13 hadi 28 Aprili 1995. Majuma machache kabla ya hapo, mwishoni mwa Machi, mitaa ya Bwiza na Buyenzi, iliyokuwa ya mwisho mjini Bujumbura ambako Wahutu na Watutsi waliishi pamoja, ilishambuliwa. Wahutu wengi waliuawa au kufukuzwa, na maelfu ya wakazi, wakiwemo Wazaire, walikimbilia Uvira. Mitaa hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha timu za Bujumbura.

Burundi iliwekwa kundi moja na Uhispania, Japani na Chile. Uhispania ilikuwa na Raúl na Fernando Morientes, ambao miaka michache baadaye wangebeba Kombe la Ulaya wakiwa Real Madrid. Japani ilikuwa na Hidetoshi Nakata. Burundi ilifungwa 5–1 na Uhispania na 2–0 na Japani, ikatoka sare ya 1–1 na Chile. Ilimaliza ya mwisho kwa pointi moja, ambayo ni pointi pekee ya Burundi katika mashindano ya dunia ya FIFA. Argentina ya kocha José Pékerman ndiyo iliyochukua kombe, kwa kuifunga Brazili 2–0.

Kizazi hicho hakikupata nafasi ya kukua pamoja. Julai 1996 rais wa zamani Pierre Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi, na nchi jirani zikaiwekea Burundi vikwazo vya biashara na usafiri. Oktoba mwaka huohuo vita vilianza Kivu ya Kusini, na Uvira ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuangukia mikononi mwa waasi wa AFDL. Mwaka 1998 vita vya pili vilifuata. Mpaka wa Kavimvira, uliokuwa mlango wa wachezaji, ukawa mlango wa wakimbizi, kila wakati kwa mwelekeo wake: leo Warundi wanaingia Kongo, kesho Wakongo wanaingia Burundi. Timu ya wakubwa ya Burundi ilisubiri hadi mwaka 2019 kucheza Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, miaka 24 baada ya Qatar.

Wakati huohuo milango ilikuwa ikifunguliwa kwingine. Mwaka 1997 FIFA iliongeza timu za kombe la dunia la vijana kutoka 16 hadi 24, na Afrika ikaanza kupata nafasi nne. Tangu hapo nusu fainali ndiyo iliyotoa tiketi, wala haikuwa lazima tena kufika fainali. Morocco ilishinda mwaka huo nyumbani, Ghana 1999, Angola 2001. Mashindano ya 2001 yalifanyika Ethiopia, na wenyeji walishika nafasi ya nne, wakaenda Argentina; kati ya nchi za CECAFA, kanda ya soka ya Afrika Mashariki na Kati, ni wao na Burundi tu waliowahi kufika kombe la dunia la vijana. Mwaka 2007 ikawa zamu ya Kongo ile ya ng'ambo ya mto, Brazzaville, iliyoandaa mashindano na kuifunga Nigeria 1–0 katika fainali. Kinshasa iliweza kusikia kelele za ushindi kutoka ukingo wa pili, lakini Leopards wadogo hawakuwemo.

Mashindano yalikaribia zaidi Tanganyika Januari 2009, Rwanda ilipokuwa mwenyeji. Mechi zote zilichezwa Kigali, uwanja wa Amahoro na ule wa Nyamirambo, mbele ya watazamaji ambao hawakuwa wamezoea kuona timu nane za vijana kwa mara moja. Rwanda haikuvuka kundi lake, lililokuwa na Kamerun, Nigeria na Mali. Ghana, iliyofundishwa na Sellas Tetteh na kuongozwa na nahodha André Ayew, iliifunga Kamerun 2–0 katika fainali tarehe 1 Februari. Miezi minane baadaye, Cairo, vijana haohao waliitoa Brazili kwa penalti na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kushinda kombe la dunia la vijana wa chini ya miaka 20. Waliocheza nao Kigali walikuwa wamewaona mabingwa wa dunia kabla ya dunia kuwajua. Uzoefu huo uliisaidia Rwanda kwa njia nyingine: mwaka 2011 iliandaa tena, safari hii ubingwa wa vijana wa chini ya miaka 17, ikafika fainali, ikafungwa 2–1 na Burkina Faso, na kwenda Mexico kwa mashindano yake ya kwanza ya dunia.

Jambo lililoyasumbua mashindano ya vijana kuliko vita na fedha ni umri. Mwaka 1989 FIFA iliifungia Nigeria miaka miwili kwa sababu tarehe za kuzaliwa za baadhi ya wachezaji hazikulingana na zile walizotoa kwenye mashindano mengine, na uenyeji wa kombe la dunia la vijana la 1991 ukahamishiwa Ureno. Adhabu ilikuwa kali, lakini udanganyifu haukuisha, kwa sababu chanzo chake ni karatasi. Kongo, sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90, na wazazi wengi, hasa wa vijijini na wa kambini, hawafanyi hivyo. Baadaye mtu akihitaji hati huenda mahakamani kupata jugement supplétif, hukumu inayoweka tarehe ya kuzaliwa kwa ushahidi wa maneno. Hati hiyo ni halali kabisa. Ni halali hata pale tarehe yake inapokuwa imechaguliwa na meneja wa timu.

Kwa vijana wa chini ya miaka 17, FIFA ilileta kipimo cha picha ya mkono kwa mashine ya MRI mwaka 2009. Mfupa wa kifundo cha mkono una sehemu ya ukuaji ambayo huungana kabisa mvulana anapopita miaka 17. Ikionekana imeungana, mchezaji anaondolewa. Kipimo hicho na ukaguzi wa hati vimewaumbua wengi. Mwaka 2018, mashindano ya CECAFA ya umri huo yalipofanyika Burundi, Zanzibar ilirudishwa nyumbani kwa kupeleka vijana waliozidi umri. Mwaka 2019, baada ya fainali za Afrika zilizochezwa Dar es Salaam, Guinea iliyofika fainali ilinyang'anywa tiketi ya kombe la dunia kwa tarehe za kuzaliwa za wachezaji wawili, na Senegal ikachukua nafasi yake. Januari 2023 shirikisho la Kamerun, chini ya Samuel Eto'o, liliwaondoa wachezaji 21 kati ya 30 baada ya kipimo. Lakini mkono wa kijana wa miaka 19 na wa mtu wa miaka 24 huonekana sawa kwenye picha, kwa hiyo CAN ya juniors imebaki kutegemea pasipoti, yaani kutegemea ofisi ya serikali ya mtaa na mahakama.

Suala la uraia linafanana na hilo na linaigusa zaidi pwani hii ya ziwa. Kwa muda mrefu, kijana aliyecheza mechi rasmi ya timu ya vijana ya nchi moja alifungwa na nchi hiyo maisha yake yote. Mwaka 2004 FIFA ililegeza, ikaruhusu kubadili mara moja kabla ya kutimiza miaka 21. Mwaka 2009 ikaondoa kikomo hicho cha umri kwa wale ambao hawajacheza mechi rasmi ya timu ya wakubwa. Saido Berahino, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1993 na kufika Uingereza akiwa mtoto mkimbizi, alibeba ubingwa wa Ulaya wa vijana wa chini ya miaka 17 akiwa na Uingereza mwaka 2010, kisha mwaka 2018 akaichagua Burundi na kucheza nayo Kombe la Afrika la 2019. Kwa sheria ya zamani asingeweza. Familia za ziwa hili, zenye babu Uvira, shangazi Kigoma na watoto waliozaliwa Bujumbura, zimeishi kwa uraia wa namna hiyo kabla FIFA haijaandika kanuni yoyote.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilionekana kwenye fainali za 2013 nchini Algeria, zilizochezwa Oran na Aïn Témouchent. Ilikuwa kundi moja na Nigeria, Mali na Gabon. Nigeria na Mali ndizo zilizopita na kupata tiketi za kwenda Uturuki. Burundi nayo ilirudi mwaka 2019 nchini Niger, katika kundi la wenyeji, Nigeria na Afrika Kusini, ikatolewa hapohapo.

Baada ya hapo CAF iligeuza mchujo kwa mara nyingine. Kuanzia mashindano ya 2021, nchi hazikutani tena mbili mbili. Kila kanda huandaa mashindano yake madogo na kupeleka wawakilishi, na fainali zikaongezwa kuwa za timu 12. Utaratibu huu umepunguza gharama, na nchi zilizokuwa hazisikiki zimepata nafasi, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan Kusini zikiwemo. Lakini mstari wa kanda unapita katikati ya mto Ruzizi. Burundi, Rwanda na Tanzania ziko CECAFA. Kongo iko UNIFFAC, kanda ya Afrika ya Kati, pamoja na Kamerun, Gabon, Kongo-Brazzaville, Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Guinea ya Ikweta na São Tomé na Príncipe. Kijana wa Uvira aliyecheza utoto wake wote dhidi ya watoto wa Gatumba hawezi kukutana nao akiwa na jezi ya taifa katika hatua ya mchujo. Atakutana na watu wa Libreville na Malabo, ambao hajawahi kuwaona. Kwa ramani ya Kinshasa mgawanyo huo una maana; kwa ramani ya ziwa hauna.

CECAFA ndiyo iliyofaidika kwanza. Uganda na Tanzania zilifuzu kwa fainali za 2021 nchini Mauritania. Tanzania ilitolewa kwenye makundi. Uganda, chini ya kocha Morley Byekwaso, iliitoa Burkina Faso kwa penalti, kisha ikaifunga Tunisia 4–1 katika nusu fainali, Derrick Kakooza akifunga matatu. Ghana iliishinda Uganda 2–0 katika fainali ya Nouakchott tarehe 6 Machi 2021. Mwaka wowote mwingine tangu 1997 nafasi hiyo ingeipeleka Uganda kwenye kombe la dunia. Lakini Desemba 2020 FIFA ilikuwa imeshafuta kombe hilo, lililopangwa kufanyika Indonesia, kwa sababu ya korona. Moja ya timu bora za vijana kuwahi kutoka Afrika Mashariki ilifika mlangoni, na nyumba ilikuwa imefungwa.

Kongo ilirudi mwaka 2025. Fainali zilipangwa kufanyika Côte d'Ivoire, nchi hiyo ikajitoa majuma machache kabla, na Misri ikazipokea kuanzia tarehe 27 Aprili na timu 13. Tanzania na Kenya zilitoka CECAFA. Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati zilitoka UNIFFAC. Nyumbani hali ilikuwa mbaya: Goma ilikuwa imeangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari, na makao ya LIFSKI yakajikuta upande mmoja wa mstari wa vita wakati Uvira ikiwa upande wa pili. Leopards wadogo walipangwa na Ghana, Senegal na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Walivuka kundi hilo na kufika robo fainali. Hapo hesabu ilikuwa rahisi, kwa kuwa kila mshindi wa robo fainali alikwenda kombe la dunia nchini Chile. Afrika Kusini iliifunga Kongo 1–0. Bao hilo moja liliiacha Kongo nje ya kombe la dunia la vijana, ambako haijafika tangu lianzishwe mwaka 1977.

Afrika Kusini iliendelea na kubeba kombe kwa kuifunga Morocco 1–0 tarehe 18 Mei. Tiketi za Chile zilichukuliwa na timu hizo mbili pamoja na Nigeria na Misri. Tarehe 19 Oktoba 2025, Santiago, Morocco iliifunga Argentina 2–0, mabao yote mawili ya Yassir Zabiri, ikawa nchi ya pili ya Afrika kushinda kombe la dunia la vijana, baada ya Ghana iliyoanzia safari yake Kigali.